Pato la Taifa Halimjui Dada Yangu

Kiswahili kina jina moja kwa vitu viwili, na kwa mtu anayekula kwa kutafsiri hilo ni tatizo linalorudi kila mwaka. Ukisikia bungeni kwamba pato la taifa limekua, mara nyingi inazungumzwa thamani ya kila kilichozalishwa ndani ya mipaka ya nchi, awe amekizalisha Mtanzania, Mkanada au Mchina. Ukisikia Benki ya Dunia imetangaza kwamba nchi fulani imeingia kipato cha kati, hiyo ni hesabu nyingine. Hapo wanaangalia pato la wakaazi wa nchi hiyo, liwe limepatikana ndani au nje. Hili la pili wataalamu huliita Pato Ghafi la Taifa. La kwanza, kwa haki, lingeitwa pato la ndani. Lakini mtaani, magazetini na hata kwenye vitabu vya serikali yote mawili ni "pato la taifa", na msomaji anaachwa ajijue.

Nimeshatafsiri vijitabu vya uchumi vya kutosha kujua kwamba ukimwambia mhariri "hapa pana mambo mawili tofauti", atakujibu kwamba wananchi hawajali. Mimi najali, na sababu zangu ni za kifamilia. Tofauti ya vitu hivi viwili imepita katikati ya nyumba yetu.

Chukua nyumba ya vyumba sita uswahilini. Barazani pana mama anayekaanga maandazi, ni mpangaji wa humo humo. Pembeni yake pana fundi cherehani, lakini yeye anaishi mtaa wa pili, jioni anafunga mashine na kwenda zake na hela yake. Chumba cha nyuma anakaa kijana aliyepata kibarua cha wiki moja bandarini. Ukitaka pato la ndani la nyumba hiyo, unahesabu maandazi na cherehani, kibarua cha bandarini unakiacha. Ukitaka pato la watu wa nyumba hiyo, unamtoa fundi, unamwingiza kijana. Nyumba ni ile ile, siku ni ile ile, na hesabu ni mbili. Hilo neno "ghafi" nalo lina kazi yake: maana yake bado hatujatoa uchakavu, yaani ile mashine inayozeeka na karai linalotoboka.

Kwa nchi nyingi tofauti ya namba hizi mbili si kubwa. Kwa nyingine ni kichekesho. Ireland ilitangaza kwamba uchumi wake ulikua kwa asilimia 26 katika mwaka mmoja, 2015. Hakuna aliyeona Waairishi wakinenepa. Kampuni kubwa za kimataifa zilikuwa zimehamishia mali zao huko kwenye makaratasi, na faida ikaonekana imezaliwa kule. Ilipofika 2017, ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ikaanza kutoa pato ghafi la taifa lililorekebishwa, wakaliwekea na kinyota, ili angalau wajue cha kwao ni kipi.

Kwetu hatuhitaji kwenda Ireland. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa inaingia yote kwenye pato la ndani. Faida ya mwenye hisa aliyeko ng'ambo inaondolewa kabla hatujafika kwenye pato ghafi la taifa. Na kabla ya dhahabu kulikuwa na mkonge.

* * *

Babu yangu mzaa mama alitoka Kasulu, Kigoma, akaja Tanga kwa mkataba kukata mkonge. Waliandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyokuwa ikitafuta vibarua nchi nzima. Watu kama yeye waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mpaka leo ukimwita mtu manamba Tanga, unamaanisha mtu aliyekuja na nguvu zake tu.

Kadi ya kazi iliitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Mama anasimulia alivyosimuliwa: ukimaliza kipimo chako, siku inaandikwa. Usipomaliza, siku hiyo haikuwepo. Jasho limekutoka, miiba imekuchoma, lakini kwenye karatasi hukuamka. Nikiwaza jinsi nchi zinavyohesabu pato lao, nafikiria kwanza kipande cha babu, maana swali ni lile lile: siku ipi inaandikwa na ipi haiandikwi, na kalamu anayo nani.

Mwaka 1958 wachumi wawili Waingereza, Alan Peacock na Douglas Dosser, walichapisha hesabu ya pato la taifa la Tanganyika kwa miaka ya 1952 hadi 1954. Babu yumo mle. Hayumo kwa jina, wala kwa namba yake ya shambani, lakini yumo ndani ya fungu la mishahara. Mkonge ulikuwa miongoni mwa mazao yaliyoibeba nchi ile, na baada ya uhuru, mwaka 1964, uzalishaji ulifika karibu tani 230,000. Kila tani ilikuwa pato la ndani. Ila mashamba mengi yalikuwa ya watu wa nje, na sehemu ya faida ilipanda meli pamoja na katani. Mshahara wa babu ulibaki Tanga, nao ulikuwa mdogo kiasi kwamba bibi ilibidi alime mihogo ili watoto washibe.

Mihogo ya bibi ndiyo iliyowasumbua wahasibu wa aina hii toka mwanzo. Je, ni pato? Haikuuzwa, haina risiti, imeliwa na wenyewe.

Hesabu ya pato la taifa kama tunavyoijua haikubuniwa kwa ajili ya watu wanaokula mihogo yao wenyewe. Mwaka 1934, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Simon Kuznets alilipelekea Bunge la Seneti la Marekani ripoti ya pato la nchi hiyo toka 1929 hadi 1932. Wanasiasa walijua mambo ni mabaya, ila hawakujua mabaya kiasi gani. Ripoti ikawaonyesha kwamba pato limeporomoka karibu nusu. Kuznets huyo huyo aliandika humo humo kwamba kazi za mama wa nyumbani ameziacha nje, na akaonya kwamba ustawi wa taifa huwezi kuusoma kwenye namba hiyo peke yake. Namba ikasafiri dunia nzima. Onyo likabaki kwenye ripoti.

Halafu ikaja vita. Uingereza ilihitaji kujua itatoa wapi fedha za kupigana, na vijana wawili, Richard Stone na James Meade, wakatengeneza mahesabu ya pato na matumizi ya nchi yaliyochapishwa mwaka 1941. Stone ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya kanuni za kwanza za Umoja wa Mataifa, mwaka 1953, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa: 1968, 1993, 2008, na toleo jipya limepitishwa mwaka 2025. Hata jina "pato ghafi la taifa" kwa maana ya sasa lilishika nafasi yake katika toleo la 1993.

Lakini mtu ninayempenda katika hadithi hii ni Phyllis Deane. Alipewa kazi ya kujaribu njia ya Stone na Meade kwenye makoloni, akaanza na makaratasi, kisha mwaka 1946 akafunga safari mwenyewe kwenda Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Alikwenda vijijini, akauliza watu wanakula nini, wanafanya nini. Na huko akagongana na kuni. Wanawake walitumia masaa kutafuta kuni, kuchota maji, kutwanga na kupika. Kwa hesabu ya London, hayo si uchumi. Kwa mtu aliyekaa kijijini akaona, ukiyatoa hayo unabaki na nini cha kuhesabu? Deane alitetea kwamba kuyaacha nje hakuna mantiki katika nchi za aina ile. Kanuni zilipoandikwa mwaka 1953, mpishi wa nyumbani alibaki nje ya ua.

* * *

Miaka michache iliyopita mdadisi wa utafiti wa kaya alifika nyumbani kwetu Tanga. Kijana mpole, ana begi mgongoni na kitambulisho shingoni. Tafiti hizi ndizo zinazosaidia kukadiria matumizi ya kaya na kile watu wanachozalisha wakakila wenyewe. Nilikuwa nimekwenda kusalimia, nikakaa pembeni kusikiliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Wakaanza. Mchele, sukari, mafuta ya taa, vocha. Wakafika kwenye mchicha.

"Huu mmenunua, mama?"

"Wa uani."

"Ungenunua sokoni ungekuwa shilingi ngapi?"

"Fungu mia mbili. Lakini wangu mzuri kuliko wa sokoni, andika mia tatu."

Akaandika, sijui aliandika ipi. Mama akamtazama, akauliza, "Na aliyeupika, humwandiki?"

Kijana akacheka kwa adabu. "Hiyo haina sehemu, mama."

Alikuwa sahihi kabisa. Kwa mujibu wa kanuni, mchicha wa uani ni uzalishaji, hata kama haujaingia sokoni. Toka 1993, hata kuchota maji na kuokota kuni kwa matumizi ya nyumbani kumewekwa upande wa ndani wa ua, angalau kwenye maandishi. Lakini kupika, kufua, kuosha vyombo, kulea mtoto na kumuuguza mzee wa familia yako mwenyewe, hapana. Yaani maji yanahesabiwa njiani kutoka kisimani, yakifika jikoni yanaacha kuwa uchumi.

Na usidhani kwamba wanakataa vitu vya kufikirika. Nyumba unayoishi mwenyewe, isiyolipiwa kodi na yeyote, inakadiriwa kodi ambayo ungelipa kama ungekuwa mpangaji, na kodi hiyo ya kufikirika inaingia kwenye pato la taifa. Wana sababu: bila hivyo, nchi ya wapangaji na nchi ya wenye nyumba zisingelinganishika. Sawa. Lakini basi ukuta wa nyumba ya Mama unachangia pato la taifa hata akiwa amelala, na Mama mwenyewe akiamka saa kumi na moja kuwasha jiko hachangii kitu.

Mchumi Arthur Pigou aliliona hilo mapema, katika kitabu chake cha mwaka 1920. Mwanamume akimuoa mtumishi wake wa ndani, alisema, pato la taifa linapungua, kwa maana mwanamke yule ataendelea na kazi zile zile bila mshahara. Watu wamekuwa wakiurudia mfano huo kama utani kwa miaka mia moja. Mwaka 1988, Marilyn Waring wa New Zealand, aliyekuwa mbunge, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba kwa wanawake wa dunia hii si utani.

* * *

Nyumbani kwetu mfano wa Pigou ulikwenda kinyume, kisha ukarudi.

Dada yangu ndiye wa kwanza kuzaliwa. Alipomaliza shule hakukuwa na kazi, akawa anamsaidia Mama: anapika, anafua, analea wadogo, mimi nikiwemo. Miaka yote hiyo, kwa hesabu ya nchi, hakufanya chochote. Kisha akapata mkataba wa miaka miwili Muscat, kazi za ndani. Akapanda ndege. Akaanza kupika, kufua na kulea watoto wa watu wengine, na siku hiyo hiyo akawa uchumi.

Ila si uchumi wetu. Hapa ndipo kile kitu cha majina mawili kinaponihusu. Mshahara wa mtumishi wa ndani unaingia kwenye pato la nchi anakofanya kazi, kwa hiyo mikono ya dada ilikuwa inaongeza pato la ndani la Oman. Je, si Mtanzania? Si pato la taifa ni la "watu wetu"? Hapana. Kanuni haziangalii pasipoti, zinaangalia ukaazi, na anayekwenda kukaa nchi kwa mwaka mmoja au zaidi huhesabiwa mkaazi wa huko. Angekwenda kwa miezi minne kuchuma matunda halafu akarudi, mshahara wake ungekuwa pato letu. Kwa mkataba wa miaka miwili, yeye na mshahara wake wote ni wa Oman. Hata kwenye kugawanya kwa idadi ya watu, kichwa chake kinahesabiwa kule.

Na hela alizotuma? Kila mwisho wa mwezi simu ya Mama ilikuwa inalia, ujumbe unaingia, Mama anavaa miwani. Hizo nazo hazimo kwenye pato ghafi la taifa. Zinaitwa uhamisho, kama zawadi, na zinaingia kwenye kipimo kingine cha mbele, cha pato ambalo taifa linaweza kulitumia. Hicho hakitangazwi kwenye taarifa ya habari.

Lakini hela hiyo ilipogeuka saruji, mambo yakabadilika. Ilijenga vyumba viwili upande wa nyuma. Kazi ya fundi, matofali na usafiri wa mchanga, vyote vikaingia kwenye pato la Tanzania kama ujenzi. Nyumba ilipokamilika ikaanza kuingiza ile kodi ya kufikirika. Kwa hiyo vyumba vya dada vimo kwenye pato la taifa. Mwenye vyumba hamo.

Alikaa huko miaka sita, mkataba baada ya mkataba.

Tarehe 1 Julai 2020 alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, nyuma yake nasikia vyombo vinaoshwa. "Eti huko mmeshakuwa kipato cha kati? Basi nirudi mimi, nimechoka!" Akacheka.

Ilikuwa kweli. Siku hiyo Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imepanda kutoka nchi za kipato cha chini hadi kipato cha kati ngazi ya chini, pamoja na Benin na Nepal. Rais Magufuli aliwapongeza Watanzania, kwa kuwa Dira ya Maendeleo ilikuwa imepanga tufike huko mwaka 2025. Pato ghafi la taifa kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080. Mstari ulikuwa dola 1,036. Mwaka uliotangulia tulikuwa na dola 1,020 na mstari ulikuwa 1,026. Tulikuwa tumekosa kwa dola sita, bei ya kilo kadhaa za sukari.

Sitaki kuibeza siku ile. Ila mtu anayesoma hadithi kwa makini hujifunza kuuliza kitu kimetokeaje, na namba inayopanda ina njia nyingi za kupanda.

Njia ya kwanza ni ile tunayoidhania: watu wamezalisha zaidi. Ya pili ni bei. Nyanya zile zile zikipanda bei, pato kwa bei za mwaka husika linapanda, ndiyo maana watakwimu hurudi kuhesabu kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, mwaka wa kizio. Ya tatu ndiyo hiyo: kubadilisha mwaka wa kizio wenyewe. Kila baada ya miaka kadhaa ofisi ya takwimu hukaa upya, hutazama uchumi ulivyo sasa, huingiza biashara ambazo hazikuwepo au hazikuonekana, na kupima tena. Desemba 2014 Tanzania ilihama kutoka mwaka wa kizio 2001 kwenda 2007, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa zaidi ya robo. Baadaye tukahamia 2015. Kenya ilifanya hivyo Septemba 2014, ikaongezeka robo nzima na kuvuka mstari wa kipato cha kati. Ghana ilifanya Novemba 2010, ikaongezeka asilimia 60. Nigeria, Aprili 2014, asilimia 89, kwa sababu ilikuwa bado inapima kwa sura ya mwaka 1990, kabla ya simu za mkononi na kabla ya filamu zake kuijaza Afrika. Wanaijeria walilala nchi moja wakaamka nchi karibu mara mbili, na bei ya mkate ni ile ile. Morten Jerven, mwanahistoria wa uchumi kutoka Norway, aliandika mwaka 2013 kitabu kuhusu udhaifu wa takwimu hizi barani kwetu, na baadhi ya ofisi za takwimu zilimkasirikia sana.

Njia ya nne ni dola. Benki ya Dunia inabadili shilingi kuwa dola kwa njia wanayoiita Atlas: wanachukua wastani wa viwango vya kubadilisha fedha vya miaka mitatu, wakarekebisha kwa mfumuko wa bei, ili nchi isipande na kushuka kila sarafu inapoyumba. Ni busara. Lakini angalia ilivyokuwa miaka ya 1980 kwetu. Wazee wanakumbuka: madukani hakuna kitu, sabuni na sukari zinapatikana kwa walanguzi, na mwaka 1983 Sokoine akaendesha msako wa wahujumu uchumi. Dola ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya kichochoroni. Kwa bei ya benki tulionekana na pato ambalo mfukoni halikuwepo. Shilingi iliposhushwa toka 1986, pato letu kwa dola likaporomoka kwenye majedwali, wakati huo huo bidhaa zikianza kurudi madukani. Mwaka 1990 Maliyamkono na Bagachwa walitoa kitabu juu ya uchumi huo wa pili, ule wa magendo na biashara za pembeni, ambao hesabu rasmi hazikuuona. Mtu akichora leo mstari mmoja wa pato la Tanzania toka uhuru mpaka sasa, ameunganisha vipande vilivyopimwa kwa rula tofauti. Mstari unapendeza. Viungo vyake havionekani.

Kuna watu wakifika hapa wanasema basi takwimu zote ni uongo. Mimi siko huko. Bila namba ya Kuznets, Wamarekani wangeendelea kubishana kama kuna njaa au hakuna. Pato kwa kila mtu ni kigezo kimojawapo cha nani anakopeshwa kwa masharti nafuu, na makosa hapo yanalipwa na watoto. Hata hao wapimaji wanajua namba moja haitoshi: Tanzania ile ile ya kipato cha kati kwa Benki ya Dunia bado imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, kwa maana orodha ile inaangalia pia afya, elimu na jinsi nchi inavyoweza kuhimili mishtuko.

Ninachotaka ni tuisome namba hiyo kama tunavyosoma riwaya. Msomaji wa riwaya anajua kuna msimulizi, na msimulizi ana mahali aliposimama. Anajua kuna wahusika waliopewa sura nzima na kuna wanaopita nyuma na sinia la chai bila jina. Haimfanyi aitupe riwaya. Inamfanya amtazame yule mwenye sinia.

* * *

Dada amerudi. Hakurudi kwa sababu ya kipato cha kati. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala, na sisi wengine tuna kazi zinazoandikwa. Yeye akavunja mkataba akaja.

Sasa anaamka kabla ya adhana. Anamgeuza Mama, anamsafisha, anamnyoosha mkono na mguu kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi hospitalini. Anapika uji, anamlisha kwa kijiko, anafua mashuka, anapika cha mchana, anamgeuza tena. Usiku anaamka mara mbili, mara tatu. Ni kazi ile ile aliyokuwa akiifanya Muscat, ila hii ngumu zaidi na mgonjwa ni mama yake. Pato la Oman limepungua mshahara mmoja. La kwetu halikuongezeka hata senti. Hela ya kila mwezi imekatika, kwa hiyo hata saruji haipo tena. Ukiangalia vitabu vya nchi zote mbili, kuna mtu ametoweka.

Majirani wanapita kumjulia Mama hali. Wakishamaliza ya mgonjwa wanamgeukia dada: "Na wewe siku hizi unafanya kazi gani?"

"Nipo nyumbani tu," anajibu, mikono bado ina povu.

Ipo njia ya kuhesabu kazi hii. Tafiti za nguvukazi za Tanzania za 2006 na 2014 ziliwahi kuuliza watu wanatumiaje saa zao 24, na zikaonyesha kile ambacho kila mwanamke anakijua. Kanuni mpya za kimataifa zinazihimiza nchi ziandae hesabu za pembeni za kazi za nyumbani zisizolipwa, ingawa namba kubwa ya kutangazwa itabaki na ua wake ule ule. Hesabu ya pembeni si haba. Kipande cha babu hakikuwa na pembeni.

Mdadisi mwingine akija, nitamwomba aache kwanza mambo ya mchicha. Aje saa kumi na moja alfajiri, akae pale mlangoni na saa yake mkononi, aanze na dada.